Mtaka Sauti ya Mvunguni

Mjukuu wangu,

Jumapili ulipokuja ulikaa barazani, ukalilaza begi la saksafoni miguuni mwako, na hata chai hukuimaliza. Ukanieleza kwamba kundi limevunjika: mpiga kinanda kapata mkataba wa hoteli, mpiga dramu kaenda Arusha kutafuta maisha, mwimbaji siku hizi hapokei simu. "Tumebaki wawili tu, babu," ukasema. "Mimi na yule binti wa besi. Wawili tu tutapiga nini?"

Siku ile sikukujibu. Jibu la papo kwa papo lingekuwa la kukufariji, na mimi sikutaka kukufariji, nilitaka kukwambia la kweli. Nimekaa nalo siku tano. Sasa nakuandikia. Soma taratibu, kisha mpe na mwenzio asome, kwa maana maneno haya ni yenu nyote wawili.

Kwanza liondoe hilo neno "tu." Wawili si masalia ya watano. Mtu akiwa peke yake hana wa kumsikiliza. Wakiwa watano, mmoja anaweza kujificha nyuma ya wenzake usiku kucha, akapokea malipo yake, akaenda kulala. Wawili hawana pa kujificha. Kila unachokipiga mwenzako anakisikia, na kila unachokiacha anakisikia vilevile. Ndiyo maana wanamuziki wengi hodari wanaogopa kupiga wawili, na ndiyo maana nataka wewe usikimbie.

Nimekutolea kabatini santuri moja. Ilinifikia katikati ya miaka ya 1980, kaniletea jirani yetu aliyekuwa baharia wa meli za mizigo, ambaye kila safari nilimwagiza nyuzi za besi kwa kuwa hapa zilikuwa adimu. Inaitwa Soapsuds, Soapsuds, yaani povu la sabuni, povu la sabuni. Ilirekodiwa tarehe 30 Januari 1977. Ndani yake wamo watu wawili Wamarekani: Ornette Coleman anapuliza saksafoni ya tenori, na kuna mahali anaiweka chini na kushika tarumbeta, Charlie Haden anapiga besi ile kubwa ya mbao inayopigwa mtu akiwa amesimama. Piano haimo. Dramu hazimo. Gitaa halimo, wala mwimbaji. Nyimbo tano, tangu mwanzo hadi mwisho ni wao wawili.

Besi hiyo huenda hujaiona kwa karibu, kwa sababu sisi wa dansi tulihamia kwenye gitaa la besi la umeme zamani. Nenda Unguja siku moja ukaangalie taarabu ya asili, iwe ya Ikhwani Safaa au ya Culture Musical Club. Nyuma ya wapiga fidla utamwona mtu amesimama amekumbatia fidla iliyomzidi kimo, anadonoa nyuzi kwa vidole. Hiyo ndiyo yenyewe. Ina nyuzi nne, na ule mnene kabisa hutikisika kama mara 41 kwa sekunde. Sauti ya namna hiyo mwili unaipokea kabla sikio halijaitambua.

Nikwambie ukweli: mara ya kwanza sikuipenda santuri hii. Kizazi chetu kililibeba neno jazz kwenye majina ya bendi, Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Kilwa Jazz, Western Jazz, lakini tulichopiga kilikuwa rumba na chacha na ngoma za kwetu tulizozitia magitaa. Nilizoea besi inayowashika wachezaji miguu, mzunguko mmoja unaorudi na kurudi. Hawa wawili hawakuwa na mzunguko. Niliona kama watu wanaoutafuta wimbo gizani wasiupate. Nikaitoa kwenye mashine, nikairudisha kwenye jalada lake, ikakaa kabatini miaka miwili.

Halafu nikaugua malaria. Bibi yako, Mwenyezi Mungu amrehemu, alinitandikia mkeka sakafuni kwa sababu kitanda kilinichoma kwa joto. Spika yangu moja ilikuwa chini, ukutani. Alitaka kunipunguzia upweke, akachukua santuri ya kwanza iliyomjia mkononi, akaiweka. Ilikuwa hii. Nimelala ubavu, sikio kwenye mkeka, nikaanza kuisikia besi ikija kwa chini, kupitia saruji, kabla haijafika hewani. Haden alipiga noti moja, akaiacha iishe yenyewe. Saksafoni ilikuwa inapanda, ikasikia ile noti inakufa, ikageuka, ikashuka kuifuata. Nikaketi. Pamoja na homa yangu yote, nikaketi kitako kwenye mkeka. Hawakuwa wanautafuta wimbo. Kila mmoja alikuwa anamjibu mwenzake, na majibu yale ndiyo wimbo.

Hapo hapo nikakumbuka jambo la aibu nililolificha miaka mingi. Nilipokuwa kijana wa miaka 22, nikipiga besi katika bendi moja ya dansi hapa mjini, mwimbaji wetu, mtu mzima wa heshima, alisimamisha mazoezi katikati ya wimbo. Akanigeukia, akaniuliza kwa upole, "Niambie, ubeti niliouimba sasa hivi unasemaje?" Sikujua. Wimbo ule nilikuwa nimeupiga kila Jumamosi kwa miezi minane, na vidole vyangu viliujua wote, lakini sikujua kama anamlilia mama yake au anamsifu mchumba. Alikuwa anamzika mwanawe katika wimbo ule, mjukuu wangu. Na mimi nilikuwa nampigia kwa mbwembwe, nacheka na wasichana waliokuwa mlangoni. Hakunigombeza. Alisema tu, "Turudie." Ningegombezwa ningesahau. Upole wake sijausahau mpaka leo.

Kwa hiyo nasaha yangu kwako ni moja, na yote yatakayofuata ni matawi yake: jifunze kumsikiliza mtu mmoja kikamilifu. Ukiweza mmoja utaweza kumi. Ukishindwa mmoja, hata ukipewa bendi ya watu ishirini utakuwa unapiga peke yako mbele ya mashahidi.

Sasa nikueleze hawa wawili ni akina nani, kwa sababu usikivu wao haukushuka kutoka mbinguni.

Coleman alizaliwa mwaka 1930 mjini Fort Worth, Texas, katika familia isiyo na kitu, enzi ambazo mtu mweusi kusini mwa Marekani alibaguliwa kwa sheria. Saksafoni alijifunza mwenyewe. Mwaka 1949, akizunguka na kundi la muziki, alifika Baton Rouge, Louisiana. Baada ya kupiga dansini, watu walimtoa nje, wakampiga, wakaiharibu saksafoni yake. Ilikuwa ya tenori. Baada ya hapo akashika alto, na dunia ikamjua kwa alto. Alipohamia Los Angeles alifanya kazi ya kuendesha lifti katika duka kubwa, na lifti ilipokuwa haina watu alisoma vitabu vya nadharia ya muziki humo humo ndani. Mwaka 1954 alinunua saksafoni ya plastiki, nyeupe, kwa sababu ya chuma hakuweza kuimudu. Watu waliiona kama mwanasesere. Yeye akaitumia mpaka ikawa sauti yake.

Ukiisikiliza santuri ya povu la sabuni, kumbuka ameshika nini mkononi. Ni tenori, dada wa ile iliyoharibiwa Baton Rouge. Alikwisha irudia mwaka 1961, akatengeneza nayo santuri nzima. Mwaka 1977, katika chumba chenye mtu mmoja tu wa kumsikiliza, akaichukua. Mimi siwezi kusema moyoni aliwaza nini. Ninachosikia ni mtu anayeongea na chombo hicho bila woga na bila hasira, sauti nene yenye kilio ndani yake, kama ya mtu anayeita jina la ndugu kutoka ng'ambo ya mto.

Haden alizaliwa mwaka 1937 huko Shenandoah, Iowa, katika familia ya waimbaji wa nyimbo za mashambani waliokuwa na kipindi redioni. Alianza kuimba hewani hajatimiza miaka miwili. Alipokuwa na miaka 15 polio ilimshambulia koo na uso, na kuimba kukaishia hapo. Fikiria: mtoto aliyejijua kama sauti, sauti ikaondolewa. Akaenda kwenye besi. Ndiyo maana besi yake haina haraka. Inapiga noti chache, kila moja ya mviringo, yenye mwanzo na mwisho, kama mtu anayeimba kwa kituo. Sauti iliyozibwa kooni ilitokea vidoleni. Hata nyuzi alizopenda zilikuwa za namna ya zamani: zile nyembamba mbili alizifunga za utumbo wa mnyama, kama mazeze ya wazee wetu, kwa sababu zina sauti yenye nyama.

Tafuta picha yake akipiga. Utamwona ameinama, ameizungushia besi mwili wake wote, sikio karibu na shingo ya chombo kama daktari kifuani mwa mtoto. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi nilidhani ni maneno ya unyenyekevu, basi. Nilipomwona yule mtu nikajua pia ni maelekezo ya kazi. Sauti iliyo chini haikufuati ulipo, wewe ndiwe unayeinama kuifuata.

Walikutana Los Angeles mwishoni mwa miaka ya 1950. Haden mwenyewe alisimulia kwamba usiku mmoja alimwona mtu akipanda jukwaani na saksafoni ya plastiki, akapuliza kidogo tu, na wenye jukwaa wakamwomba ashuke. Mtu akafunga ala yake, akatokea mlango wa nyuma. Wengine walishusha pumzi. Haden akatoka kumtafuta, na usiku ule hakumpata. Walipokutana baadaye wakaenda chumbani kwa Coleman, karatasi za muziki zimetapakaa hata sakafuni, wakapiga siku nzima. Sikiliza hapo: ukumbi mzima ulisikia makosa, na kijana mmoja akasikia mtu. Wewe ungekuwa upande gani usiku ule? Usinijibu haraka.

Mwezi Novemba 1959 walifungua na kundi lao katika klabu ya Five Spot, New York. Walialikwa wiki mbili, wakakaa zaidi ya miezi miwili, na wasikilizaji wakagawanyika kama ndugu kwenye kesi ya urithi. Wengine walisema hawa ni matapeli. Kisa ni kwamba katika jazi waliyoizoea, piano hutandika mpangilio wa sauti, na kila anayepiga solo hupita juu yake kama treni kwenye reli. Coleman alikuwa hana piano. Alitaka mpuliza ala aende wimbo unakompeleka, na wenzake wamsikilize na kwenda naye. Mtindo wake alikuja kuuita hamolodiki: ulinganifu wa sauti, mwendo na wimbo vyote vina haki sawa, hakuna bwana na mtwana. Watu wakauita jazi huru.

Na hapa vijana wengi wanakosea. Wanasikia "huru" wanadhani maana yake kila mtu apige anavyojisikia. Kama ingekuwa hivyo, uhuru ungekuwa kelele za stendi ya mabasi. Ukiondoa reli, treni inahitaji macho zaidi. Mpiga besi wa Coleman hakuwa na mpangilio wa kumwambia aende wapi. Alikuwa na sikio lake peke yake. Kwa hiyo yeye aliyeonekana amefunguliwa ndiye aliyefungwa zaidi, kwa kamba ya kumsikiliza mwenzake. Huo ndio uhuru ninaoujua mimi, katika muziki, katika ndoa, na hata katika nchi.

Nasema nchi kwa sababu ninayo sababu. Nilikuwa kijana Dar es Salaam miaka ile ambayo wapigania uhuru wa Msumbiji walikuwa wenyeji hapa. FRELIMO ilizaliwa katika mji huu mwaka 1962, na Eduardo Mondlane aliuawa kwa bomu katika mji huu mwaka 1969. Sisi vijana tulifikiri dunia ya mbali haina habari nao. Basi ujue hili: mwezi Novemba 1971 kundi la Coleman lilipiga katika tamasha la Cascais, karibu na Lisbon, mbele ya maelfu ya watu, chini ya serikali ile ile ya kidikteta iliyokuwa inaipiga vita Msumbiji. Haden alisimama akautoa wimbo wake kwa harakati za ukombozi za Msumbiji, Angola na Guinea-Bissau. Watu wakashangilia. Kesho yake polisi wa siri walimkamata uwanja wa ndege, wakamhoji, mpaka ubalozi wa nchi yake ulipoingilia akaachiwa. Utawala ule ulianguka tarehe 25 Aprili 1974, na Msumbiji ikapata uhuru tarehe 25 Juni 1975.

Nilipolijua jambo hili nilikuwa nimekwisha ipenda besi yake miaka mingi. Sikushangaa. Mtu aliyezoea kusikia kilicho chini kabisa ya muziki, atashindwaje kusikia waliokandamizwa kilomita elfu kadhaa kutoka alipo? Sikio ni moja, mjukuu wangu. Huwezi kulifungua jukwaani ukalifunga barabarani.

Lakini sitaki uwaone kama malaika. Haden aliingia kwenye heroini akiwa kijana, na ikamtoa katika kundi la Coleman mwanzoni mwa miaka ya 1960. Hakulificha jambo hilo. Alikwenda kwenye tiba, akapona, akarejea kazini katikati ya muongo ule, na Coleman akampokea. Nakuandikia hili wazi kwa sababu najua mnapopiga, na najua unga uko wapi mjini. Atakuja mtu atakwambia unafungua masikio. Ni uongo. Nimewazika wapiga magitaa wawili waliokuwa wazuri kuliko mimi, na katika wote wawili kilichotangulia kufa ni usikivu. Walianza kuchelewa nusu ya pigo, kisha pigo zima, kisha hawakuja. Na kama siku moja mwenzio ndiye ameanguka, usimfungie mlango. Mpeleke kwenye tiba, kisha mwekee nafasi yake jukwaani.

Turudi kwenye povu la sabuni. Jina hilo lina maana, na maana yake itakufaa. Wimbo wa kwanza wa santuri ni wimbo wa kufungulia tamthilia ya televisheni ya Marekani ya mwaka 1976 na 1977, Mary Hartman, Mary Hartman, hadithi ya mama wa nyumbani na misukosuko yake. Tamthilia za namna hiyo kule huitwa za sabuni, kwa sababu tangu enzi za redio zilidhaminiwa na watengenezaji wa sabuni za kufulia. Basi Coleman, mtu aliyesifiwa na kutukanwa kwa kuvunja kila kanuni, alipokaa na rafiki yake wa karibu miaka 20, alianza na wimbo ambao kila mama jikoni aliujua. Hakuukejeli. Aliupiga kwa upendo, akaufungua polepole, akaonyesha kwamba ndani yake kulikuwa na chumba kingine.

Kwa hiyo usidharau nyimbo za nyumbani. Najua nyinyi mnaopenda muziki wa majaribio mnaona haya kupiga kitu ambacho shangazi yako anaweza kukiimba. Acha haya hiyo. Chukua wimbo anaouimba mama yako anapopepeta mchele. Uupige kama ulivyo, kwa heshima, mpaka mwenzio aujue. Halafu mwulize mwenzio: unaelekea wapi?

Na sasa matawi machache ya kazi, niyaseme kwa ufupi kwa sababu yanajieleza.

Besi si msindikizaji wako. Lugha yetu ya jukwaani imezoea kusema fulani anasindikizwa na fulani, na kwenye wawili lugha hiyo inaharibu. Siku nyingine yeye aubebe wimbo na wewe upige noti tatu tu za chini, muda wote. Kama hilo linakuumiza, basi ujue ugonjwa uko wapi.

Acha pengo. Saksafoni ni ala ya pumzi, na pumzi lazima ikatike ili uvute nyingine. Mahali unapovuta ndipo mwenzio anapopata njia. Mpuliza ala anayejaza kila nafasi amemziba mwenzake mdomo kwa heshima zote.

Mkikosea, msikimbie. Katika wawili, noti iliyopotea haiwezi kufunikwa na dramu. Irudie kwa makusudi, mwenzio ataishika, na itakuwa mali yenu. Nimesikia katika santuri hiyo sehemu ambazo nilidhani mmoja kateleza, na kabla sijamaliza kufikiri mwenzake alikwisha kuwa chini yake, amemtegea mkono.

Mkilipwa shilingi 60,000, kila mmoja achukue 30,000 siku hiyo hiyo, kabla ya chakula. Nimeona makundi yenye vipaji vikubwa yakifa kwa hesabu ndogo. Na binti yule ni mwenzako wa kazi. Msemo wa kihuni usitoke kinywani mwako juu yake, wala usicheke unapotoka kwa wengine. Onyesho likiisha usiku, hakikisha amefika kwao, kisha ndipo uende kwenu. Coleman na Haden hawakupata kusikilizana namna ile kwa sababu ya muziki peke yake. Walikuwa wameheshimiana tangu siku ya zile karatasi za sakafuni.

Ukishaizoea santuri hii, tafuta na nyingine. Mwaka 1976, Haden alirekodi santuri aliyoiita Closeness, maana yake ukaribu, akipiga wawili wawili na watu wanne tofauti, Coleman akiwa mmoja wao. Na tarehe 18 Februari mwaka huo huo Sam Rivers, mpuliza saksafoni, na Dave Holland, mpiga besi, walirekodi muziki wa santuri mbili. Vipande vyake wakavipa majina ya maji yanayoporomoka na kutiririka. Sikiliza jinsi Holland anavyokimbia mahali ambapo Haden angetembea. Zote ni njia. Nataka ujue kwamba uwanja huu una watu, na kwamba mlipobaki wawili mliingia kwenye nyumba yenye wenyewe.

Coleman alifariki mwaka 2015, mwaka mmoja baada ya Haden. Dunia iliyomkejeli ilikwisha mtuza kabla ya hapo. Mwaka 2007 alipewa tuzo ya Pulitzer ya muziki. Lakini mimi nikifikiria urithi wao sifikirii tuzo. Nafikiria ile noti moja iliyoachwa iishe, na mtu aliyegeuka kuifuata.

Sasa nakupa kazi. Kesho jioni kaeni nyinyi wawili, mtazamane, zimeni simu. Yeye apige noti moja kwenye uzi mnene, aiache mpaka iishe kabisa, na wewe usipulize mpaka umeisikia imeisha. Fanyeni hivyo muda wa kutosha kupika wali. Halafu pigeni wimbo mmoja, wowote, dakika tano. Mkimaliza, wekeni ala chini, kila mmoja amwimbie mwenzake kwa mdomo kile ambacho mwenzake amekipiga. Si kile alichopiga yeye. Ni kile cha mwenzake.

Mara ya kwanza utashindwa, kama nilivyoshindwa mimi nilipoulizwa ubeti. Usione aibu kupita kiasi. Sema "Turudie," mrudie. Siku utakapoweza kumwimbia wimbo wake kuanzia mwanzo hadi mwisho, njooni nyote wawili hapa barazani. Kiti cha pili nitakitoa ndani, chai itakuwa imechemka, na ile spika ya zamani nimekwisha ishusha sakafuni, tayari tuisikilize pamoja santuri kabla hamjanipigia yenu.

Babu yako